Shamba Ndilo Bado

Kuna neno moja linanichefua kanisani mpaka leo, nalo ni "kama". Mtu anashika kipaza sauti, analia, kamasi zinamtoka, halafu anasema, kama nimemkosea mtu yeyote, naomba anisamehe. Kama! Mtu mzima hajui aliyemkosea? Baba yangu mdogo alisema hivyo hivyo kwenye mkutano wa injili pale Ulemo, watu wakapiga vigelegele, na mimi nikatoka nje ya turubai nikakaa juani, maana ningebaki ndani ningemrukia.

Aliyemkosea alikuwa amekaa benchi la wanawake, amejitanda kanga, anasikiliza. Ni mama yangu.

Kwetu mpaka wa shamba hauna zege wala waya. Unapanda minyaa, ikishashika basi, hata wajukuu watajua hapa ni kwa nani. Baba alipofariki tulimzika ndani ya shamba letu, pembeni, karibu na minyaa iliyotutenga na mdogo wake, kwa kuwa alipenda kukaa pale akipumzisha maksai. Msimu uliofuata plau ya baba mdogo ikauvuka mpaka kidogo. Msimu mwingine ikasogea tena. Ndivyo mpaka unavyoliwa huku kwetu: hakuna anayekuja na panga kukufukuza, ni mstari mmoja tu wa plau kila mvua zikianza, na ukilalamika unaonekana mchoyo. Minyaa ikang'oka yote. Mama alipouliza, akaambiwa ni mchwa. Mchwa gani, jamani, wanaokula kuelekea upande wa mjane tu?

Mwishowe kaburi likawa ndani ya alizeti zake. Mama akitaka kupalilia kaburi la mumewe, anasimama kwenye kona ya shamba anapiga hodi. Nilimwona kwa macho yangu, jembe mkononi, anamwomba shemeji yake ruhusa ya kupita, na yule bwana anamjibu apite lakini asikanyage alizeti. Siku ile niliapa sitampa shikamoo tena. Anayetoka kwetu anajua uzito wa jambo hilo. Nilipishana naye njiani, kisimani, mlangoni mwa kanisa, nikamtazama usoni nikapita. Shangazi zangu walinisema sana, eti mama hakunifunza adabu. Hao hao kaburi hawakuliona. Mama alikwenda kwa wazee wa ukoo akalia mbele yao, lakini machozi ya samaki huenda na maji. Walimwambia asiugombanishe ukoo.

Basi ndiyo baba mdogo akaokoka, kwenye mkutano ule wa Ulemo. Pombe aliacha, hilo sikatai. Akanunua Biblia ya zipu. Akawa anakusalimia "Bwana asifiwe" toka mbali kwa sauti ya mtu anayenadi vitunguu mnadani. Na mvua zilipoanza, ameokoka hivyo hivyo, plau ikapita palepale, akapanda alizeti kulizunguka kaburi la kaka yake huku anaimba pambio. Nilisimama uani nikimkazia macho mpaka mama akaniambia niingie ndani.

Baadaye wakataka kumfanya mzee wa kanisa. Mchungaji akasema hawezi kusimikwa akiwa na neno na shemeji yake, kwa hiyo wazee wakamleta nyumbani wapatane. Mama akawawekea viti, akawapa chai. Waliongea wao tu. Wakamweleza kwamba Mungu anasamehe na kusahau, kwamba mjane asiwe na moyo mgumu, asije akazuia baraka za mwenzake. Mimi nilikuwa jikoni nasonga ugali wa mtama, mwiko nusura niuvunje. Baba mdogo akapiga magoti, akaanza wimbo wake: shemeji, kama nilikukosea...

Mama alimwacha amalize. Kisha akasema taratibu, "Shemeji, mimi nilikusamehe siku nyingi. Shamba ndilo bado."

Chai ilipoa vikombeni. Wazee waliaga wakaondoka, na kabla ya Jumapili kijiji kizima kilikuwa kinamsema mama, kwamba ana roho mbaya, kwamba anamzibia njia mtumishi wa Mungu. Eti mama ndiye mwenye roho mbaya! Baba mdogo hakusimikwa, na kanisani akawa haonekani. Nikasema afadhali, njia ya mwongo ni fupi.

Mvua za kwanza zilipopiga, asubuhi nikamsikia anaswaga maksai kuja upande wetu. Nikachukua jembe nikatoka mbio. Nilikuwa nimeshaamua kwamba mwaka huu plau ikitaka kupita, itapita juu yangu.

Nikakuta plau imelazwa ubavu na maksai wamefungwa kwenye mti upande wake. Mwenyewe amepiga magoti kwenye mpaka wa zamani, ule wa baba, ana rundo la vijiti vya minyaa, anachimba, anapanda, anafukia. Hakuwa anapima wala hakumuuliza mtu. Aliujua mpaka vizuri sana, mwongo yule, miaka yote ile aliujua. Utomvu ulikuwa umemwingia machoni, yamekuwa mekundu. Njia ya kisimani inapita hapo, na wanawake wenye ndoo walikuwa wamesimama wanamwangalia, naye hakuwaficha uso.

Nilitaka kumtukana. Nilikuwa na maneno niliyoyatunza kwa ajili yake, na yote yalikuwa mdomoni. Mama akaja nyuma yangu na kikombe cha maji, akanipa, akasema nimpelekee baba yangu.

Nikaenda. Nikamnyooshea kikombe. Nikasema, "Shikamoo." Sikuitoa kwa upendo, nasema ukweli.

Akapokea maji, akanawa macho. Hakuitikia marahaba. Aliuangalia mstari uliokuwa umebaki mpaka kule kaburini, akashika tena jembe lake.

"Ngoja nifike kwa kaka," akasema, "ndipo unisalimie."