Goti Lililopiga Kura Mara Tano

Shangazi yangu amekuwa akifyatua matofali tangu kabla sijajua kutembea. Nyumba za watu zimesimama kwa udongo wa mikono yake, na mwenyewe kakaa chumba cha kupanga miaka yote hiyo, akigombana na mwenye nyumba kuhusu bomba. Kwa hiyo alipofyatua ya kwake, ya kutosha nyumba ya vyumba vitatu, sisi tunaofyatua naye, kiwanja kizima, tulikuwa roho juu.

Shida ya tofali bichi ni mvua. Likinyeshewa kabla halijakauka, linarudi kuwa tope. Ukiyakimbiza bandani yakiwa laini, robo yanavunjika mikononi. Zamani tuliamua kwa makelele, na mwenye sauti kubwa ndiye aliyeshinda. Kisha binti yake, anayefundisha hesabu na ambaye sote tunamwita Mwalimu, akatuletea vikombe. Kila asubuhi kila mtu anatia maharagwe kikombeni kwa siri: kumi ni mvua lazima, kikombe kitupu ni haiji ng'o. Mwalimu mwenyewe hatii, yeye anatafuta wastani. Kuhamisha kunakula robo, mvua inakula yote. Basi wastani ukizidi mawili na nusu, tunahamisha. Usipozidi, tunayaacha juani. Tulimcheka wiki nzima, halafu tukanogewa.

Asubuhi ya matofali ya Shangazi, vikombe vikafunuliwa. Sisi watano tulitia nane, tisa, nane, tisa, nane. Shangazi alitia moja tu.

"Saba na ushee," Mwalimu akasema. "Mama, tuhamishe."

Tukaanza kukunja mikono ya mashati.

"Ngojeni kwanza," Shangazi akasema. "Nyie hamjawahi kukubaliana hata chai itiwe sukari kiasi gani. Leo imekuwaje?"

"Penye wengi hapaharibiki neno, Shangazi," nikamjibu.

"Hao wengi wako wapi? Wewe, nani kakwambia mvua inakuja?"

Nikamtazama Kipara, mchoma tanuri wetu. Wale wengine watatu nao wakamtazama. Goti la Kipara huuma mvua ikikaribia, na mapenzi yetu kwa Shangazi ndiyo yaliyotuponza. Kila mmoja, kwa kuogopa kukosea siku hiyo kubwa, alikuwa amemwendea kimyakimya kuuliza hali ya goti.

Mwalimu akajipiga kofi kwenye paji la uso. "Kumbe hizi si kura tano! Ni goti moja limepiga kura mara tano!"

"Na hilo goti," Shangazi akauliza, "limeanza kuuma lini?"

Kipara akakuna kichwa. "Jana, Mama. Kwenye harusi ya mpwa wangu. Nilicheza kidogo."

"Kidogo!" akasema mwenzetu anayekanda udongo, aliyekuwepo harusini. "Walikutoa wamekubeba!"

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Kisha Shangazi akaamuru turudie: kila mtu na macho yake, goti lisihusike. Safari hii wastani ulikuwa moja na nusu. Tukayaacha.

Mchana wingu jeusi likatanda. Nikatamani kuyabeba yote peke yangu.

"Mama, wastani si ahadi," Mwalimu akanong'ona. "Hata ikinyesha, tutakuwa tumeamua vizuri."

"Nenda kaliambie tofali," Shangazi akajibu, bila kubandua macho angani.

Wingu likatuning'inia, likadondosha matone mawili matatu juu ya upara wa Kipara, likaenda zake. Vigelegele vya Shangazi vilisikika mpaka barabarani.

Hayawi hayawi, nyumba ikasimama. Siku ya kuhamia tulikuwa tumekaa sakafuni, viti havijafika, mvua ilipoanza kupiga bati kwa fujo. Kwa mazoea sote tukaruka kukimbilia mlangoni. Shangazi hakuinuka. Machozi yalikuwa yanamtiririka na meno yote yako nje.

"Mnakwenda wapi? Kaeni," akasema. "Inyeshe itakavyo. Mimi niko kwangu."