Upepo Kwenye Baraka ya Kukhu

Dada yangu aliondoka kwenda Uarabuni kabla kukhu, yaani bibi yetu, hajambariki. Safari ilikuja ghafla. Tangu hapo kila akipiga simu ananiambia anajiona kama mtu aliyetoka nyumbani akaacha mlango wazi. Nikasema, kazi ndogo hiyo. Simu ninayo, kukhu yupo, nitamrekodi video.

Kukhu habariki mtu ndani ya nyumba. Lazima asimame uani, aitazame barabara aliyopita msafiri, apulize maji hewani, ndipo aseme. Tena kila akimaliza neno ananyamaza, anayebarikiwa aitike amina.

"Ninyi msiitike," alituonya. "Zenu mlishapata. Hii ni yake."

Alasiri niliyomrekodi, pale kijijini kwetu Lumino, upepo ulikuwa unapasua majani ya migomba. Sikuujali. Nilikuwa nimeshika simu huku nikiwaza vile dada atakavyofurahi.

Jioni nikasikiliza. Vuuu! Kukhu anafungua mdomo, upepo unajibu.

"Kukhu, turudie kidogo tu."

"Nirudie nini? Nilishampa. Nikimpa tena ni kama ile ya kwanza nimemnyang'anya."



Kesho yake nikaenda Busia kwa fundi mmoja anayetengeneza video za harusi. Akavaa hedifoni, akacheka.

"Wee, ulikuwa unarekodi upepo, bibi akapita?"

"Nisaidie tu, mkubwa."

Akanionyesha kwamba upepo mwingi unakaa kwenye besi, zile sauti nzito za chini. Akapunguza besi; upepo ukalegea, lakini kukhu naye akabaki na sauti ya mbu.

"Huyo siye," nikasema. Kukhu ana sauti nzito, ya mtu anayeita ng'ombe walio mbali.

Akarudisha besi kidogo, kisha akawa anashusha kila kishindo cha upepo kimoja kimoja, mpaka chai yetu ikapoa. Maneno ya baraka yalikuwa manne. Matatu yakatoka vizuri. La nne lilikuwa limemezwa kabisa.

"Hapa hakuna cha kuokoa," akasema. "Siku nyingine upe upepo mgongo. Na kwenye kitundu cha maiki bandika kipande cha sponji ya godoro."

Nikatuma hivyo hivyo, nikiwa nimeshaandaa maneno ya kumwomba dada msamaha.

Siku ya pili akanijibu kwa sauti. Alikuwa amejirekodi akiisikiliza video jikoni kwa bosi wake. Nikaiweka simu karibu na sikio la kukhu, aliyekuwa anachambua maharage. Tukasikia neno la kwanza, halafu dada: amina. La pili, amina. La tatu, akaitika huku analia.

Halafu upepo ukavuma peke yake, vuuu, mrefu. Ukatulia. Na dada, kwa sauti ndogo ile ile: amina.

Kukhu akatupa jiwe alilolitoa kwenye maharage.

"Amepata yote," akasema.

Ule msamaha sikuutuma.