Jumapili Niliyokataa Kusimama

Walimu wageni wanaofika shuleni kwetu Juba huniuliza ninasali wapi, nami huwaeleza bila kuficha. Kanisa liko Gudele, chini ya paa la mabati, na upande mmoja hauna ukuta. Njoo na nguo unazoendea sokoni Konyo Konyo. Ukichelewa, hakuna atakayegeuka kukutazama. Wageni huambiwa wasimame waseme wametoka wapi, lakini usipotaka, baki umekaa. Hilo la mwisho nalijua vizuri, kwa sababu Jumapili yangu ya kwanza pale nilikataa kusimama, na si kwa kuona haya.

Nilikuwa na wiki sita tu mjini, nikifundisha hesabu katika shule ya upili. Alhamisi ya wiki ile tulikuwa na mtihani wa mwisho wa muhula. Nikipita kati ya madawati nilimwona msichana mmoja akivuta upindo wa sketi yake. Ndani ya upindo palikuwa na karatasi iliyokunjwa, imejaa majibu kwa mwandiko mdogo sana. Sikumuuliza kitu. Nilichukua mtihani wake, nikauchana mara mbili mbele ya darasa zima, nikamwambia aende nyumbani. Alitoka bila kulia. Kule Kenya nilikosomea, mwalimu aliyefanya hivyo aliitwa mkali, basi, mambo yakaishia hapo.

Ijumaa mchana baba yake alikuja langoni. Alikuwa mtu mrefu, mwenye mabega mapana, na shati lake lilikuwa limefungwa vifungo hadi shingoni. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Alinisogelea mno, akasema kwa Kiswahili alichojifunzia Uganda, "Wewe madam ya Kenya, umeaibisha mtoto yangu. Mimi itajua unalala wapi." Kisha akapanda pikipiki yake akaenda. Mlinzi wa lango alikuwa amesikia kila neno, lakini aliangalia pembeni.

Nilikuwa nimepanga chumba Malakia, kwenye ua wenye vyumba vinne. Jumamosi nzima sikutoka. Nilisukuma meza nikaiegemeza mlangoni, na kila pikipiki iliyopunguza mwendo barabarani nilizima redio nisikilize. Jioni karani wa shule alinipigia simu. Yeye ni mzaliwa wa hapa aliyekulia Nakuru miaka ya vita, na ndiye mtu pekee aliyekuwa amenizoea.

"Dada, kesho twende kanisa letu," alisema. "Na usijipambe sana, kule ni poa tu."

Nilikubali haraka kuliko alivyotarajia. Niseme ukweli, sikwenda kwa ajili ya Mungu. Jumapili majirani zangu wote hutoka, na sikutaka kubaki peke yangu kwenye ua ule.

Hata hivyo nilijipamba. Kanisa alilonilea mama yangu halikuruhusu mtu aingie bila rinda lililopigwa pasi. Karani alikuja kunichukua akiwa na jinzi na ndala. Alinitazama kutoka kichwani hadi kwenye viatu vya kisigino, akacheka, tukapanda boda boda.

Tulipofika sikuweza kujua kama ibada imeanza au haijaanza. Watu walikuwa wamesimama vikundi vikundi wakinywa chai, huku mtu akijaribu kipaza sauti. Hapakuwa na madhabahu wala joho. Mchungaji, mwanamume mwembamba wa fulana ya kijivu, alikuwa akipanga viti vya plastiki. "Kaa popote," aliniambia, wala hakuniuliza mimi ni nani. Nilichagua safu ya nyuma, kwenye ule upande usio na ukuta, nikakaa kiti cha pembeni ili niweze kutoka.

Tuliimba nyimbo tatu, mbili kwa Kiarabu cha Juba na moja kwa Kiswahili. Katika ile ya Kiswahili nilijikuta nikiimba kwa sauti. Kisha mpiga gitaa, aliyekuwa amejificha nyuma ya waimbaji, aliliweka gitaa chini akaja mbele. Alikuwa amevaa jezi ya mpira na malapa, kwa hiyo ilinichukua muda kumtambua. Ni yule baba.

"Wageni yetu," alisema akitabasamu, "simameni tuwaone. Sema tu jina na umetoka wapi."

Mzee mmoja kutoka Yei alisimama, akapigiwa makofi. Wasichana wawili wakasimama. Karani alinigusa kiwiko. "Simama, dada." Nikabaki nimekaa. Ndipo macho ya yule baba yalipofika safu yetu, yakakaa hapo. Tabasamu likamtoka. Watu wakaanza kugeuka kuona anatazama nini.

"Mgeni ile anataka kukaa," alisema hatimaye. "Hapa hatulazimishi mtu. Karibu."

Sauti ilikuwa ileile tulivu ya langoni. Sikujua kama amenihurumia au ananijulisha kwamba ameniona.

"Unamjua?" karani akaninong'oneza.

"Ndiye aliyenitishia juzi."

Alinikodolea macho. Habari alikuwa amezisikia, lakini Ijumaa hakuwa kazini, na hakujua ni baba yupi. "Huyu? Huyu ndiye hunisaidia kumpeleka mama hospitali akizidiwa."

"Basi nitoke?"

"Utoke uende wapi? Chumbani kwako?"

Papo hapo tukaambiwa tusalimiane, na watu wote wakaacha viti vyao. Nilimwona akija, akisimama kwa huyu na kwa yule, akizidi kukaribia. Alipofika aliweka kwanza mkono begani mwangu, kama wanavyosalimiana watu wa hapa, ndipo akanyoosha mwingine. Niliruka nyuma hadi kiti kikaanguka. Aliutazama mkono wake, akaurudisha polepole.

"Malesh," alisema, neno lao la kuomba radhi, akaenda kwa wengine.

Mahubiri yalikuwa mafupi. Mchungaji aliketi kwenye stuli, akasoma aya chache, kisha akatuambia tugeuze viti, tukae wanne wanne, na kila mtu aseme jambo lililomlemea wiki hiyo. Kwetu alikuja mama mmoja mtu mzima. Nafasi ya nne ilibaki wazi, mpaka msichana mmoja aliyekuwa amekaa na vijana upande wa pili alipoburuta kiti chake hadi kwetu. Nilipoinua macho nikaona ni yule niliyemfukuza kwenye mtihani.

Mama alisema habari za mguu wake unaovimba. Karani akasema habari za mama yake. Mimi nikasema sina la kusema.

"Na wewe, binti?" mama akauliza.

Msichana alikuwa akitazama vidole vyake. "Nimemdanganya baba yangu. Nilimwambia madam alinichania mtihani bure, eti hanipendi. Sikumwambia nilikuwa na karatasi."

"Umeshamweleza?"

"Bado. Naogopa kwenda peke yangu." Ndipo akanitazama.

Nilitamani sana kumwambia hilo ni lake na baba yake. Lakini alikuwa ameuvuka ukumbi mzima kuja kukaa na mtu aliyemwaibisha, na mimi nilikuwa mtu mzima. Ibada ilipokwisha, watu wakikimbilia mandazi, tulikwenda mbele pamoja. Baba yake alikuwa akikunja waya wa gitaa. Msichana alisema naye kwa Kiarabu, haraka haraka, na mimi sikuelewa kitu. Niliangalia uso wa baba yake tu. Waya uliacha kuzunguka.

"Ni kweli?" aliniuliza. "Alikuwa na karatasi?"

"Kweli. Kwenye upindo wa sketi."

Akainua mkono. Sikufikiri. Niliingia katikati yao, mgongo kwa msichana, nikasema, "Ukimpiga, utaanza na mimi."

Mkono ule ulikwenda usoni kwake mwenyewe. Alijifunika macho.

"Hanipigi, madam," msichana akasema nyuma yangu. "Hajawahi."

Nilisimama pale bila kujua nirudi nyuma vipi. Alipoondoa mkono alinitazama. "Wewe unaogopa mimi hivyo?"

"Tangu Ijumaa sijalala."

"Ile maneno ilikuwa mbaya," alisema. "Mimi siwezi kuja kwako. Hata sijui unalala wapi. Ilikuwa hasira. Unisamehe."

Nikamwambia kwamba hata mimi nilikosea, kwamba ningeweza kuuchukua mtihani bila kuuchana. Nilidhani tumemalizana. Lakini alitikisa kichwa.

"Umemwaibisha mbele ya wenzake. Hiyo sema mbele ya wenzake."

Hilo sikulitarajia, na lilinichoma. Nilitaka kumjibu kwamba mwalimu haombi radhi darasani. Msichana alikuwa ametazama chini, na karani, aliyekuwa amesimama na vikombe viwili vya chai, hakunisaidia kwa lolote.

"Nitasema," nikajibu.

Jumatatu nilisema. Niliwaambia wanafunzi kwamba kuiba mtihani ni kosa, na adhabu yake, kurudia mtihani peke yake, iko palepale, lakini kumchania mwenzao mtihani mbele yao nilikosea, na ninamwomba radhi. Hakuna aliyecheka. Msichana alisimama akasema ni kweli aliiba, kisha akakaa upesi. Wiki ile alifanya mtihani mwingine katika chumba cha walimu, mimi nikiwa mezani pake mwanzo hadi mwisho. Alifeli, lakini kila jibu lilikuwa lake. Muhula uliofuata akaanza kubaki nyuma baada ya vipindi, akiwa na daftari wazi, akiniomba nimwonyeshe pale alipopotea.