Nilivyomfungulia shoo msanii mkubwa Jeddah, dada wa mstari wa mbele akaniokoa

Wakuu, habari za huko mliko. Hii imenipata mimi mwenyewe, na chumvi nimetia kidogo tu, ya kuonja.

Mimi ni dereva wa nyumba Riyadh, mwaka wa nne. Kila adhuhuri madereva tunasubiri watoto nje ya shule, na hapo parking ndipo nilipoanzia comedy. Joke ikichekesha madereva wenye njaa, itamchekesha yeyote.

Ndivyo nilivyodhani.

Mmoja akanirekodi. Clip ikazunguka mpaka kwa Dada Rukia, mtu wa Mombasa anayeandaa shoo Jeddah. Akanipigia. Kuna msanii mkubwa anakuja kutoka nyumbani (jina naliweka mfukoni), nipande kabla yake, dakika saba. Nikifanya vizuri, wiki inayofuata nafungua na shoo yake ya Riyadh. Nikiharibu, narudi parking.

Wakuu, niliruka! Bosi, mzee mpole, akanipa ruhusa mpaka Jumamosi. Nikapanda basi, njia nzima nafanya mazoezi kwa kunong'ona, hadi jirani yangu akahama kiti.

Ijumaa saa tisa alasiri ukumbi umejaa. Karibu wote ni akina dada wa kazi za nyumbani, wamependeza, wako off.

Dada Rukia akanivuta pembeni. "Kaka, nakuomba kitu kimoja tu. Jina la msanii usilitaje. Ukilitaja, wewe huna chako tena pale juu."

Nikasema sawa, nimeelewa. Nikapanda.

Neno la kwanza kunitoka mdomoni? Jina la msanii.

Hata sijui lilitokaje. Ukumbi ukalipuka, simu juu, mayowe. Mimi nimesimama kama kifurushi kilichopelekwa nyumba isiyo yake. Nikasema, "Ila kabla yake, niko mimi."

Weee! Ule mguno siusahau.

Nikatoa joke yangu kali kabisa, ya kamera za barabarani. Hakuna hata mmoja aliyecheka. Ndipo nikakumbuka hapa hakuna anayeendesha gari. Wakaanza, "Shuka! Shuka!" Dada Rukia naye ananipungia mkono nitoke. Riyadh nikaiona inakwenda hivi hivi.

Hofu ikanitoa sauti ambayo sikuiandaa, ya madam wetu, mke wa bosi, akiwa ghorofani anamwita dada wa jikoni aje haraka:

"Taali! Wen inti? Yalla, yalla!"

Mstari wa mbele dada mmoja akasimama. Mkoba begani, tayari kwenda. Wengine watatu wakainuka nusu. Wakatazamana.

Kikapasuka kicheko, wakuu, sijawahi kusikia kama kile.

Lakini yule dada alibaki amesimama, ameshika uso. Nikaumia. Nimemfanya kichekesho mbele ya watu, siku yake ya kupumzika. Nikashuka na chupa yangu ya maji, bado niko kwenye sauti ya madam, nikainama mbele yake:

"Leo mafi kazi, kazi hakuna. Kaa. Leo chai naleta mimi. Sukari vijiko vingapi, madam?"

Akanitazama. Akakaa polepole, akapandisha mguu juu ya mguu.

"Vitatu. Na kikombe kioshe tena, nimeona doa."

Watu walilia! Dada Rukia alikaa sakafuni. Dakika saba zikawa kumi na tano, yeye anaagiza, mimi nakimbia. Mchekeshaji alikuwa yeye, mimi nilikuwa mfanyakazi wake tu.

Msanii alipotoka, kabla hajagusa wimbo wowote, akamwinamia yule dada. "Madam, naruhusiwa kuanza?"

"Yalla," akajibu.

Baadaye nikajua anaitwa Nekesa, wa Bungoma. Hiyo ilikuwa Ijumaa yake ya kwanza kuruhusiwa kutoka tangu aje, zaidi ya mwaka. Niliposikia hivyo, kicheko chote kiliniisha.

Riyadh nilipata, na jina la msanii sikulitaja!

Nilichojifunza ni kwamba mwandaaji akikuonya, msikilize. Na watu waliokuja kupumzika usiwapelekee kamera za barabarani, wapelekee kiti.

Jana Nekesa alinitumia voice note, sekunde tatu tu: "Kaka, chai yangu bado?"

Haya, mlioko huku: ukiwa off halafu usikie hiyo sauti ya ghorofani, unasimama ama unakaa? Semeni ukweli, hapa madam hayupo.