Shapo Nyepesi

Leo ni Ijumaa, tarehe saba ya mwezi wa kumi na moja. Mvua ilianza kabla ya saa sita, ikapiga mabati mpaka tukawa tunaongea kwa mikono, halafu ikakatika ghafla na jua likatoka kali. Kofia za mitumba nilizotundika barazani zimelowa, na harufu yake imejaa nyumba nzima, harufu ya manyoya mabichi, kama mbuzi aliyenyeshewa. Harufu hiyo ndiyo iliyonikalisha kuandika. Mimi nimesoma mpaka darasa la sita tu na sina hakika kama naandika sawasawa, ila nitajaribu kuweka mambo yalivyokuwa bila kumpunja mtu haki yake. Hata yule aliyepiga.

Papa wangu, Mzee Ramazani, ambaye watu wake walitoka Maniema, alikuwa fundi wa kofia. Alishona kofia za Ijumaa, na zile kofia pana za kauboi, ambazo hapa Lubumbashi tunaziita shapo, alizifufua kwa mvuke wa birika juu ya kalibu ya mti. Wauzaji wa mitumba wa mtaa wetu walikuwa na desturi moja. Mnunuzi na muuzaji wakishindwana juu ya shapo, waliipeleka kwa Papa akate bei, na akishakata hakuna aliyerudi nyuma. Papa alifumba macho, akaiweka kiganjani, akaipandisha na kuishusha kidogo kama mtu anayebembeleza mtoto mchanga, akapitisha kidole kwenye ule mkanda wa ngozi unaoshika kichwa kwa ndani, kisha akasema bei. Hakueleza kitu. Ukimwuliza alijibu, "Mukono ndiyo inasikia." Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nikimtazama kila siku baada ya shule, nikaamini nimeshaelewa. Mji wetu ni wa shaba. Tangu nikiwa mdogo nimeona watu wakipima jiwe kwa kiganja: zito ni mali, jepesi ni udongo. Blanketi zito ndilo zuri, sufuria nzito ndiyo inayodumu. Nikajua Papa naye anatafuta uzito.

Ilikuwa mwisho wa kiangazi, kabla ya mvua ya kwanza, joto limewakaa watu kichwani na vumbi jekundu limeingia mpaka kwenye meno. Ugomvi ulikuwa kila siku, mara kisimani, mara kwenye foleni ya unga. Ijumaa moja Papa akiwa msikitini, alikuja Kasongo, kijana aliyekuwa akichimba shaba upande wa Kinsevere, akiwa na wenzake watatu. Jana yake alikuwa amenunua shapo ya kahawia kwa Yaya Kabeya (yaya kwetu ni kaka mkubwa), muuzaji aliyepanga meza yake mbele ya kibaraza chetu. Alilipa bei ya gunia zima la unga. Nisimwonee Kasongo: alikaa miezi shimoni kuipata pesa ile, na Jumapili alikuwa apeleke mahari mtaa wa Bel-Air. Alitaka wakwe wamwone mtu. Lakini wenzake walikuwa wameishika shapo na kumcheka njia nzima.

"Umenunua karatasi, mukubwa," mmoja alimwambia. "Upepo ikikuja, utaifuata mpaka Luano, ipande ndege bila weye."

Yaya Kabeya hakukasirika. Alikuwa mtu wa mzaha, mtoto wa watu waliotoka Kasai, shati lake limepigwa pasi kila siku ya Mungu. "Ngojeni Mzee atoke kuswali," alisema. "Akisema nimeiba, nitarudisha pesa na shati juu yake." Kasongo akasema hana muda wa kungoja. Hapo Yaya Kabeya akanigeukia, akaichukua ile shapo na kuiweka mikononi mwangu, yeye mwenyewe. "Basi aseme Zaina. Mutoto iko na mukono ya baba yake."

Nilifumba macho kama Papa. Nikaipandisha, nikaishusha. Ilikuwa nyepesi mno, kama kiota kitupu. Nilijiona mkubwa siku ile, watu wazima wakiningoja. Nikasema, "Hii haifiki gunia. Ni bei ya meka tatu." Meka ni lile kopo la kupimia unga sokoni. Ulimi hauna mfupa, lakini siku ile ulivunja mifupa ya mtu.

Ngumi ya kwanza ilimpata Yaya Kabeya mdomoni akiwa bado anacheka, akidhani natania. Ya pili ilimwangusha juu ya meza yake, na meza ikavunjika. Wenzake Kasongo wakang'oa miguu ya meza wakampiga nayo mgongoni na kwenye magoti. Mtu mmoja akasema "mwizi", na neno hilo likatosha. Walitoka watu ambao hawakujua ni shapo wala ni nini, wakaja na mateke. Mmoja akalitusi kabila lake kwa neno ambalo sitaliandika. Nilisikia ubao ukimpiga pembeni mwa kichwa, mlio mkavu, na damu ikatoka sikioni ikashuka kwenye ile kola iliyopigwa pasi. Kisha nikaona tairi la kumchomea mwizi linaviringishwa kutoka barabarani, na aliyeliviringisha alikuwa jirani yetu, mtu aliyekuwa akinipa pipi. Mimi nilisimama pale pale na shapo mikononi. Nimejiuliza mara nyingi kama ningeweza kupaza sauti, na jibu linabadilika kila mwaka.

Papa alitokea akiwa na kofia yake ya kuswalia. Alikuwa ameshaambiwa njiani ni shapo gani na bei gani. Alininyang'anya shapo, akaishika kwa vidole viwili, akamimina juu yake maji ya birika la udhu. Maji yakaviringika yakaanguka kama juu ya jani la magimbi, shapo ikabaki kavu. Akaingia katikati ya watu akiiinua juu.

"Hii ni manyoya safi ya sungura," alisema. "Nzuri ndiyo inakuwa nyepesi, nzito ni sufu ya kondoo. Bei ya gunia ni ya haki. Munaua muntu wa haki."

Ubao uliokuwa umeshainuliwa ukamshukia yeye kwenye paji la uso. Aliyumba, akashika ukuta, akayarudia maneno yale yale huku damu ikimwingia jichoni. Kasongo akautazama ule ubao mkononi mwake, akauachia. Watu wakaanza kutawanyika mmoja mmoja, kila mtu akiangalia chini, na tairi likabaki limelala katikati ya njia. Papa alimwinua Yaya Kabeya, akamwambia, "Unisamehe. Mukono iliyokosa ni yangu, sikumufundisha." Kisha akanitazama mimi, akingoja nami niseme. Nikainama kuokota vipande vya meza.

Papa hayupo tena. Siku hizi shapo za balo, yaani za marobota ya mitumba, zinapigwa picha na kuuzwa kwa simu, hakuna wa kukatiwa bei, na labda ni afadhali, sijui. Kibaraza ni kile kile. Papa Kabeya, ndivyo tunavyomwita sasa kwa umri wake, bado anaweka meza mbele yake, na sikio la kushoto halikusikia tena tangu siku ile. Leo mvua ilipokatika alikuwa anabishana na mnunuzi juu ya shapo nyeusi. Akageuka, akaiweka mikononi mwangu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ile siku. Nilimimina maji, nikanusa, nikapitisha kidole kwenye mkanda, nikaanza upya, na mwisho nikasema bei. Mnunuzi akanung'unika, akalipa.

Ndipo nikamwambia, "Papa Kabeya, ile siku nilikosa. Unisamehe." Nilikuwa upande wake wa kushoto. Aliendelea kukung'uta maji kwenye kofia zake, na sijui kama hakusikia au alisikia. Jioni tulikula bukari, ugali wetu, na bitoyo, ule samaki wa chumvi, na mboga kidogo ya lengalenga. Alikula nasi. Nilihamia upande wake wa kulia, nikasema tena.