Nilichinjiwa Mbuzi kwa Kufeli

Kosa ni langu. Sitaki mtu anitetee, wala msianze kusema ni shetani. Siku hiyo shetani alikuwa na kazi zake nyingine, mimi nilijitosheleza!

Jina langu silitaji kwa sababu hapa mtaani Munuki kila mtu ananijua, na bado wananiita Doktor. Ngojeni niwaeleze udaktari huo ulitoka wapi.

Nilikuwa nikisoma uchumi katika chuo kikuu kimoja hapa Juba. Mwaka wa pili nilifeli masomo mengi kuliko niliyofaulu, na takwimu ndiyo iliyonimaliza. Sisi tulilelewa Kenya, nami nilirudi huku nikijiona mjanja, nikidhani shule ya Eldoret itanibeba mpaka nihitimu bila kufungua kitabu. Weee! Haikunifikisha popote.

Ustaz Taban, mshauri wetu wa masomo, akaniita ofisini. Akanieleza polepole, bila ukali, kwamba nimewekwa probesheni: niko chini ya uangalizi muhula mzima, na alama zisipopanda natolewa chuo. Lakini hawanitupi. Kila Jumamosi asubuhi kuna darasa la msaada la watu wachache, na yeye mwenyewe atakaa nami tuipitie takwimu tangu mwanzo.

"Usipokuja," akasema, "kwenye kikao cha matokeo sitakuwa na neno la kukutetea."

Nikamshukuru. Nikatoka pale na nia nzuri kabisa. Nia hiyo ilifika mpaka getini kwetu.

Mama anauza chai na mandazi kwenye stendi ya bodaboda. Biashara hiyo ndiyo inayonisomesha mimi na mdogo wangu Keji, aliyeanza chuo hicho hicho mwaka huu. Nilimkuta Mama amekaa, miguu iko ndani ya beseni, imevimba kwa kusimama kutwa. Nikamwambia kuanzia sasa Jumamosi nitakuwa chuoni.

"Jumamosi? Kuna nini?"

"Wamenichagua kwa mpango maalum, Mama. Wanafunzi wachache tu. Napewa mwalimu wangu mwenyewe."

Mpaka hapo sikuwa nimedanganya! Ni sauti tu iliyojaa maringo. Mama akatoa miguu kwenye beseni.

"Ni kwa sababu unafanya vizuri?"

Wasomaji wenzangu, hapo Mungu alinipa nafasi. Nikaiangalia ile miguu. Nikasema, "Ee, Mama."

Alipiga vigelegele palepale. Majirani wakaja mbio wakidhani kuna mtu amejifungua.

Habari ikamfikia mjomba, mzee wa kanisa pale mtaa wa Hai Cinema. Mjomba aliishi ukimbizini Uganda miaka mingi, Kiswahili chake alikiokota huko, na kwake hakuna jambo dogo. Akaleta mbuzi. Sherehe ya shukrani ikapangwa Jumamosi asubuhi, Jumamosi ileile ya kwanza ya darasa! Mama alipokumbusha chuo, nikamwambia mwalimu wangu atanipangia siku nyingine. Ningeweza kusema natakiwa kuwapo. Lakini mtu ataikimbiaje sherehe yake mwenyewe?

Mjomba akasimama, akajipangusa jasho.

"Huyu mtoto iko na kichwa! Nyinyi wengine, mwalimu moja inafundisha watu mingi mpaka hajui majina. Huyu, university imepatia yeye mwalimu yake peke yake! Kwa nini? Kwa sababu wameona!"

Walikuwa wameona kweli.

"Alfu mabruk!" watu wakanipongeza. Nikainamisha kichwa kwa aibu, wakasema tazama unyenyekevu.

Keji alikuwa nyuma ya nyumba anaosha sufuria. Mama akampaazia sauti mbele ya wageni: "Keji! Unamwona kakako? Fuata mfano!"

Wageni walipokuwa wakiaga, Keji akanivuta pembeni, mikono bado ina povu.

"Kaka, hata mimi wameniita. Nimefeli hesabu. Ustaz Taban anasema kuanzia Jumamosi ijayo tutakuwa darasa moja, mimi na wewe. Nataka nimwambie Mama leo leo."

Keji akisema, Mama atajua lile darasa la Jumamosi ni la watu gani, na mbuzi ameshaliwa!

"Nakuomba, Keji, usiseme. Utamuua Mama kwa aibu."

Aibu ya nani? Hilo sikulisema. Keji aliniangalia, akarudi kwenye sufuria zake. Kufeli kunampata mtu yeyote, jamani. Lakini mimi nilimfunga mdogo wangu mdomo ili niendelee kusifiwa, na hilo ndilo kosa langu hasa.

Basi mjomba akaona kipawa kama changu kisikae bure. Akaamuru kila Jumamosi asubuhi nizungumze na vijana wa kanisa kuhusu kufaulu masomo. Akawa ananiazima na koti lake. Vijana wa bodaboda wakanibatiza Doktor, wakawa wananibeba bure: "Doktor, panda twende!" Nikasimama mbele ya watu ndani ya koti zito, joto hili la Juba, jasho likinitiririka, nikiwahimiza wasione haya kuomba msaada mapema. Ushauri wangu ulikuwa mzuri sana. Kuna waliofaulu kwa ushauri ule, naapa!

Keji naye kila Jumamosi aliaga kwamba anakwenda kusukwa. Kwa kuwa nilimkataza kusema ukweli, angesema nini tena? Mama si mjinga.

"Nywele gani hizi zinasukwa kila wiki na hazibadiliki?" akamuuliza siku moja. "Kakako anahangaika na vitabu, wewe unazurura na wanaume! Mzururaji wewe!"

Nilikuwepo. Nilikuwa nimevaa koti, andazi liko mkononi. Keji akanitazama, akingoja niseme neno moja tu. Nikauma andazi langu.

Mtihani ukafika. Karatasi ya takwimu iliniangalia, nami nikaiangalia. Hatukujuana.

Ustaz Taban aliponiita mara ya pili hakunikaribisha kukaa. Nimetolewa. Naweza kuomba kurudi baada ya mwaka, bila ahadi yoyote.

"Kiti chako kilikuwepo," akasema. "Wenzako walitaka kukikalia, lakini dada yako alikuwa anaweka mkoba wake hapo, kila Jumamosi. Nikimuuliza uko wapi, ananijibu uko kanisani, unafundisha watu namna ya kufaulu."

Hakucheka. Mimi nilitaka kucheka, yakatoka machozi. Akaniambia Keji amefaulu na probesheni yake imeondolewa.

Nilimkuta Mama anafunga biashara, nikamwambia yote, pale pale kati ya vikombe. Nilitaka anitukane. Akasema tu, "Kalas, yatosha. Mwite Keji."

Keji akaja.

"Kumbe siku zile ulikuwa unakwenda kusoma?"

"Ndiyo, Mama."

"Na mbuzi yule..."

"Sikumwonja, Mama. Nilipomaliza kuosha sufuria ilikuwa imebaki mifupa."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililonikata maini! Mama akajifunika uso kwa kitenge, akalia. Hakuwa ananililia mimi. Alikuwa anasema, "Malesh, mwanangu. Nisamehe. Nilikuita mzururaji."

Siku hizi sufuria naosha mimi. Birika za chai nabeba mimi mpaka stendi, na vijana wa bodaboda wananiita, "Doktor, leta chai!" Hawajui. Mjomba naye hajui. Leo ametuma koti likiwa limepigwa pasi, kwa sababu kesho ni Jumamosi.

Kesho nitasimama mbele ya vijana wale na kuwaambia ukweli, mjomba akiwa kwenye kiti cha mbele. Naogopa. Nilipomwambia Keji, alikuwa anasoma, hata hakuinua kichwa.

"Nitakuja," akasema. "Ukimaliza usikimbie. Nitakuwekea kiti."

Na wewe uliyeitwa na mwalimu wiki hii, ukajidai una shughuli: nenda! Mwambie mama yako neno lenyewe, baya hivyo hivyo, kabla watu hawajatafuta mbuzi. Mimi niliona aibu kukaa darasani na wenzangu waliofeli. Leo ningetoa kila kitu nikae pale Jumamosi moja tu, karibu na ule mkoba wa Keji.