Mkono Uliongoja Mlangoni

Katika nyumba ya wazee niliyofanyia kazi Plymouth, katika jimbo moja la baridi kali, mzee mmoja alitufundisha mchezo wa mapigano ya mezani: karatasi yenye miraba na milango iliyochorwa, sanamu ndogo za bati, dadu ya pande ishirini. Tulikuwa watatu. Mimi naye tulikuwa upande mmoja. Dada mmoja wa Kericho, niliyekuwa naye shifti moja, aliyaongoza mazimwi, adui zetu. Tulicheza baada ya chakula cha mchana, mwanga wa theluji ukicheza darini.

Kila mtu ana zamu yake, lakini mzee alipenda kuizuia yake. Unaweza kuiacha ipite, alisema, ukaingia baadaye nyuma ya mwenzako. Au unaweka kitendo tayari: unataja jambo unalolingoja na utakachofanya, kisha unanyamaza. Jambo likitokea, unatenda papo hapo, hata kama ni zamu ya mwingine. Lisipotokea hadi zamu yako irudi, kitendo kimekufa.

Wakati huo nilikuwa nimepata kazi jimbo lingine. Aliyejua ni meneja tu. Ndivyo nilivyoondoka Eldoret, ndivyo nilivyoondoka Dallas: bila kuaga, kwa sababu siziwezi nyuso za watu wanaoagwa. Begi lilikuwa tayari kwenye buti ya gari.

Mchana ule zamu ya mzee ilipofika, hakugusa dadu. Aliielekezea kidole sanamu yangu.

"Naweka tayari. Huyu akienda mlangoni, namshika mkono."

Dada akacheka. "Mzee wangu, huyo si ni mwenzako! Adui ni huyu mbaya wangu hapa."

"Najua ni mwenzangu."

"Wewe, umemkosea nini mzee?" dada akaniuliza. Nilicheka pia.

Saa ya dawa ikafika, tukaacha mchezo hapo hapo, kabla zamu yake haijarudi. Kesho yake mzee akapata kiharusi. Aliporudi kutoka hospitali hakuweza tena kusema. Mkono wa kulia ulilala mapajani kama kitu cha mtu mwingine. Tulimweka kwenye kiti chake karibu na mlango wa kutokea. Karatasi ilibaki mezani na sanamu zake. Hakuna aliyetaka kuzisogeza.

Siku yangu ya mwisho nilivaa koti saa tisa alasiri, kama siku zote. Nikashika kitasa.

Vidole vikanikamata kifundo cha mkono. Vilikuwa vya mkono wa kulia, baridi, na vilikaza.

Mzee hakunitazama. Aliutazama mlango.

Nikapiga magoti, nikamwambia ninakokwenda, na kwamba sikupanga kurudi. Sikuwahi kumwambia hivyo mtu yeyote. Akaniachia, kidole kimoja kimoja. Kisha sauti ikamtoka, kama ya mtu aliye chumba cha pili:

"Naweka tayari. Akirudi, nasimama."

Alikuwa hajasimama peke yake kwa miaka miwili.

Sasa nimerudi, naishi Richfield, mji wa karibu na pale. Dada aliniambia kwa simu kwamba mzee alifariki theluji ilipokuwa ikiyeyuka.

"Njoo utusalimie, mtoro wewe. Hata kiti chake bado kiko pale mlangoni."

"Na ile karatasi?"

"Iko vile vile. Kwani nani wa kucheza?"

Kwa hiyo zamu yake haijarudi, na kitendo chake hakijafa. Mara mbili nimeendesha gari hadi pale, nikakaa kwenye maegesho, nikageuza. Mara ya tatu, mchana mweupe, nilifika mlangoni na kushika kitasa. Ndani, karibu kabisa, kiti kikalia, kama kinavyolia mtu anapoinuka.